Siku ya Woden

Shule niliishia darasa la nne, lakini Doha nzima hajatokea dereva kama mimi. Nilianza kwa kuosha magari Al Wakrah, nikaja kuendesha wakubwa wa West Bay, na nyumba tatu kwetu nimezijenga kwa usukani.

Miaka hiyo nilimwendesha mzee mmoja wa Kiingereza, mhandisi. Kwenye foleni alinihadithia mababu zake, Wasaksoni. Kabla ya Ukristo waliabudu miungu chungu nzima, wakaigawia siku za wiki, na majina hayo yamebaki kwenye Kiingereza hadi leo: Wednesday ni siku ya Woden. Jumanne ya Tiw, wa vita. Jumatano ya Woden, mwenye jicho moja, mchukuaji wa wafu. Alhamisi ya Thunor, ndiye ngurumo yenyewe. Ijumaa ya Frig, mke wa Woden.

"Kwa hiyo mzee, mpaka leo mnaita mizimu kila siku?"

"Kila siku. Ninyi je?"

"Sisi tunahesabu tu. Mosi, pili, tatu. Hesabu haina pepo!"

Alicheka mpaka akakohoa.

Mwezi huohuo mdogo wangu akapiga simu. "Kaka, mama hamezi hata maji. Anakutaja wewe tu. Wahi." Nikakata tiketi ya Jumatano. Enzi hizo hutoki Qatar bila kibali, nikamwendea karani wa kampuni, Mwarabu.

"Siku gani, sadiki, rafiki yangu?"

Kiarabu ninacho, mkalimani wa nini? "Yom khamsa," nikamjibu. Siku ya tano.

Jumatano, uwanja wa ndege, askari akanirudishia pasipoti: kibali kinaanza Alhamisi. Kumbe Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, sisi Jumamosi. Tano yao Alhamisi, tano yetu Jumatano. Sikukosea mimi, hesabu ndizo zilizokosana.

Nikajibwaga juu ya begi, nikalia, mwanaume mzima. Mzee, aliyekuja kunisindikiza, akanishika bega.

"Kesho si mbali."

"Leo ni siku ya nani, mzee?"

Akasita. "Ya Woden."

"Basi mwombe! Si wa kwenu huyo? Mwambie apite mbali na mama yangu. Leo tu. Kesho si zamu yake."

Mimi huyu, kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko, Mesaimeer kanisani, kiti cha mbele, niliyasema hayo kwa sauti, watu wakigeuka. Mzee akainamisha kichwa, midomo ikicheza. Sikumuuliza alisema nini.

Alhamisi nikatua. Mdogo wangu hakunipokea begi. Alinikumbatia, hakuniachia.

"Lini?"

"Jana, kaka. Jioni."