Kombi Yenye Kitanda Ilivyofika Nkome

Majirani zangu wa Maganzo wamekuwa wakiisimulia safari yetu kwa namna wanavyotaka wao, na kila anayesimulia anaongeza chumvi. Basi nimeona niiandike mwenyewe, kwa kuwa nilikuwamo ndani ya gari tangu mwanzo, na mapazia yake niliyashona mimi.

Sababu ya kuondoka ilikuwa macho ya mama yangu. Mama anaishi Nkome, kando ya ziwa, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili hata akawa anawatambua wajukuu kwa sauti. Tulipata habari kwamba daktari wa macho angefika kwenye hospitali ya misheni, Ushirombo, siku ya Jumanne, apasue wagonjwa kwa siku chache, kisha aende zake asirudi mpaka mwaka mwingine. Basi la kutoka Geita siku hizo lilikuwa la kubahatisha, na mama ana mgongo mbovu, hawezi kukaa wima siku nzima barabarani. Alihitaji gari la kumlaza.

Mume wangu, Baba Shija, fundi mitambo mgodini, ndiye aliyepata jibu. Mhandisi mmoja Mzungu alikuwa anarudi kwao na anauza kombi yake. Nyuma haikuwa na viti. Ilikuwa na kitanda cha watu wawili kilichofungwa kwa bolti, kabati, meza ya kukunja, sinki la kunawia na jiko la gesi lisilo na gesi. Wazungu, alinieleza, wakichoka na nyumba zao nzuri huenda porini kulala ndani ya gari, nao huyaita hayo mapumziko. Nikamuuliza kama sisi tumeshachoka na nyumba yetu. Akasema yeye amechoka na wageni. Hapo alikuwa na hoja, maana mwaka ule binamu zake watano walikuja kutusalimia msimu wa kulima na walikuwa bado wanatusalimia msimu wa kuvuna.

Akauza pikipiki na ng'ombe watatu, mimi nikashona mapazia ya maua. Sijifanyi mwema: niliwatangazia walimu wenzangu wote shuleni kwamba ninakwenda safari ya mapumziko. Wenzangu wanapanga foleni ya sabuni, mimi nachagua rangi ya mapazia.

Ndani ya kabati tulikuta kijitabu cha Kiingereza kinachofundisha jinsi ya kuchagua mahali pa kupiga kambi. Baba Shija alikisoma kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kwa barua yoyote kutoka shuleni kwa watoto. Masharti yalikuwa manne: pawe tambarare, pawe na kivuli, pawe karibu na maji, na pawe mbali na watu. Safari ya siku mbili akaipangia siku nne, ili tupumzike vya kutosha.

Alhamisi asubuhi tuliondoka Maganzo. Madalali wa almasi walitoka vibarazani kututazama, na hao ni watu wasioamini kwamba pazia linaweza kuficha kitu halali. Mmoja alitukimbilia akataka kujua tunanunua au tunauza. Baba Shija akamjibu kwamba tunapumzika. Yule bwana akacheka sana, akatuambia tukifikia bei nzuri tumkumbuke.

Alhamisi jioni tulifika Nyasubi, mjini Kahama, kwa binamu yangu. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa ametuandalia chumba na kuchinja kuku. Baba Shija alimla kuku yule mpaka mifupa, akanawa, akashukuru, kisha akasema sisi tutalala kwenye gari letu, kiwanja cha mpira. Kiwanja kilikuwa tambarare, nalo bomba la maji lilikuwa karibu.

Ijumaa alfajiri Mama Kulwa alitukuta kiwanjani, sufuria ya uji mkononi na midomo ameivuta.

"Mama Shija, niambie ukweli. Kunguni umewaona chumba gani?"

"Hakuna kunguni, wifi. Ni gari tu, lina kitanda chake."

"Basi mmetuogopa uchawi. Mtu hali kuku wangu akakimbilia kulala uwanjani bure bure."

Uji alitupa, lakini hakukaa tunywe naye. Tulipokuwa tunatoka mjini, nusu ya Nyasubi ilijua tumegombana na ndugu zetu, na nusu nyingine ilijua sababu.

Ijumaa alasiri, Ushirombo. Tulianza hospitalini, jina la mama likaandikwa, tukaambiwa afikishwe Jumanne saa mbili asubuhi bila kukosa, maana orodha ilikuwa imejaa na wa akiba wanasubiri nje. Kisha Baba Shija akaanza kutafuta kambi. Karibu na kanisa tulimkuta katekista mmoja mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

"Tunatafuta mahali pa kupumzika," akasema Baba Shija. "Pawe tambarare, na kivuli, na utulivu."

Mzee aliyatazama mapazia, akavua kofia. Akatuongoza polepole nyuma ya kanisa, na kweli palikuwa tambarare, miti imepandwa kwa safu, kijito kinapita chini, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Baba Shija alinigusa kiwiko kwa furaha. Masharti yote manne!

"Mtachimba wenyewe," mzee akauliza kwa upole, "au tuwatafutie vijana?"

"Kuchimba nini, baba?"

"Kaburi, mwanangu. Marehemu si yumo humo ndani?"

Ndipo nilipoiona misalaba kwenye majani. Mzee alipoelewa hakucheka, alisikitika tu kwamba watu wazima na akili zao wanatembea na kitanda. Tulilala nje ya uzio, na Baba Shija alishikilia kwamba kijitabu hakikusema lolote juu ya makaburi.

Jumamosi mchana tuliingia kwenye machimbo ya dhahabu, kabla ya kufika Geita. Baba Shija alikuwa ameona kosa lake ni neno. Sasa hakuuliza tena mahali pa kupumzika, aliuliza kambi iko wapi. Katika nchi ile kambi ni moja, ya wachimbaji, na kila mtu alituonyesha njia. Tukajikuta katikati ya vibanda vya nyasi na mashimo. Hatujazima injini, mchimbaji mmoja mwenye udongo mpaka kwenye kope akachungulia dirishani.

"Chumba ni kwa saa au mpaka asubuhi?"

Baba Shija, masikini, alidhani anaulizwa tutakaa muda gani. "Mpaka asubuhi," akajibu.

Yule akapiga mluzi, akaenda kuwaita wenzake. Kabla yao alifika mwanamke muuza pombe, mikono kiunoni, akanisemesha mimi wala si mume wangu.

"Dada, hapa wenye vyumba tupo watatu, na tunaelewana. Wewe unaleta chumba chenye magurudumu na mapazia ya maua. Sisi tule wapi?"

Nilijifunika kanga mpaka puani. Hata nikieleza kwamba mimi ni mwalimu, nani angeamini? Tuliondoka mbio, gurudumu moja likapasuka kwenye mawe, na usiku ule tulilala Geita kando ya kituo cha mafuta, mahali pasipo na sharti hata moja.

Jumapili tulihangaika na gurudumu asubuhi nzima, na Nkome tukaingia dakika chache kabla ya saa nane mchana. Saa hiyo ilikuwa na maana. Miaka ile serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mpaka alfajiri ya Jumatatu, ili kubana mafuta. Mpango wa Baba Shija ulikuwa tusimame kwa mama, tusalimie, kisha tuwahi kuegesha mbali, ufukweni, kwenye masharti yake.

Mama alikuwa barazani, anachambua dagaa kwa kupapasa. "Mwadila mayu," nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani, akanishika uso kwa vidole vyenye magamba ya samaki. Baba Shija alisimama mbali, kwenye ua, ametazama pembeni. Ndiyo heshima yetu: mwanamume hamsogelei mama mkwe wala hamtazami usoni. Shangazi yangu Holo, dada wa marehemu baba, yeye hakuwa na kizuizi chochote. Alikwenda moja kwa moja kwenye kombi, akafungua mlango.

"Yesu na Malia! Mkwe kaleta kitanda!"

"Kitanda gani?" mama akauliza.

"Chake! Kile wanacholalia! Kiko hapa mlangoni kwako, na mito yake!"

Mama aliweka ungo chini. Kwetu mzazi haingii chumba cha mtoto aliyeolewa, seuze kukigusa kitanda.

"Mama," nikasema, "hili ndilo gari la kukupeleka kwa daktari. Mgongo hautakusumbua. Utalala."

"Nitalala wapi?"

Nimezaliwa katika ua ule ule, nikafundwa humo humo, kisha nikakishonea kitanda kile mapazia, nikasafiri nacho siku nne, na sikufikiri hata dakika moja nani atakilalia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mwanangu," mama akasema, "gizani nimekaa miaka miwili, nimeshazoea. Lakini siwezi kulala kitanda cha mkwe wangu, halafu nifumbuliwe macho niwatazame watu."

"Mwambie mama tutatandika shuka mpya," Baba Shija akasema kutoka kwenye ua.

Mama alimsikia vizuri, lakini alinijibu mimi. "Mwambie shuka haigeuzi kitanda."

Baba Shija akarukia usukani aliondoe gari. Balozi wa nyumba kumi, ambaye kelele za shangazi zilikuwa zimemleta, akainua mkono wenye saa.

"Saa nane imepita dakika mbili. Gali halitembei mpaka kesho."

"Basi kitanda kilale hapa?" shangazi akapiga ukelele. "Na mama wa watu?"

Mama akasema yeye atakwenda kulala kwa jirani, na sisi kesho turudi kwetu salama, tumsalimie daktari. Alisema bila hasira, na ndicho kilichoniumiza zaidi, maana angepiga kelele ningejua la kumjibu. Nafasi yake hospitalini ingechukuliwa na mwingine, na yeye angeendelea kuchambua dagaa kwa kupapasa mpaka kufa, kwa sababu sisi tulitaka kupumzika.

Baba Shija alitoka bila kuaga, akaelekea ziwani. Nilidhani amekwenda kununa. Alirudi na wavuvi kumi na wawili.

"Balozi," akasema, "sheria imekataza kuendesha. Imekataza kusukuma?"

Balozi akaitazama saa yake, nayo haikumsaidia. "Kusukuma hawakuandika," akakiri.

Wakaisukuma kombi mpaka mwaloni, ufukweni wanaposhushia samaki, kwa wimbo ule ule wanaovutia mitumbwi, ila penye jina la mtumbwi wakaweka jina la Baba Shija, na maneno mengine nisiyoweza kuyaandika hapa. Kule akatoa spana. Bolti moja moja, jua likiwa bado juu, akafungua kitanda, meza, kabati, sinki na jiko. Nilimwona akilifuta kabati vumbi kwa kitambaa kabla ya kumkabidhi balozi alitunze. Sikumcheka. Ng'ombe watatu na pikipiki si mchezo.

Kitanda hakikumaliza dakika kumi mchangani. Wanawake wa dagaa walikiona kina mbao nyembamba zenye nafasi katikati, kimeinuka, mchanga haufiki. Wakakigeuza chanja, wakakimwagia dagaa, na mjadala wa nani atangulie ukaanza papo hapo.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tulitandika ndani ya kombi mkeka wa mama na godoro lake la sufi. Alisimama mlangoni kwanza.

"Kuna kitu chake humu?"

"Usukani tu, mama."

Akapanda. Pazia moja la maua nilikuwa nimelihamishia nyuma ya kiti cha dereva, ili mama na mkwe wasielekeane, na hiyo ndiyo kazi pekee ya maana ambayo mapazia yale yamewahi kufanya. Mama alilala njia nzima mpaka Ushirombo.

Jumanne saa mbili jina lake liliitwa. Alipasuliwa jicho moja, na kesho yake muuguzi akamfungua bandeji karibu na dirisha. Mama akanitazama kwa muda mrefu.

"Umenenepa," akasema.

Kisha akatazama nje. Baba Shija alikuwa amesimama chini ya mti kando ya gari, shati limekunjamana na majani nywelani, kwa sababu usiku alikuwa analala uvunguni mwa kombi, maana ndani sasa palikuwa pa mama mkwe. Mama alimwona. Yeye akaona kwamba ameonwa. Wote wawili kwa pamoja wakageuza nyuso, yeye akatazama mti, mama akatazama ukuta. Jicho lile lilikuwa na dakika chache tu tangu kufunguliwa, na mama alikuwa ameshaligeuza kwa heshima. Nililia, na muuguzi akadhani ni mimi ninayeumwa.

"Analala wapi?" mama akaniuliza, bado ameelekea ukutani.

"Chini ya gari, mama."

Jioni alinipa mto wake nikampelekee.

Wiki iliyofuata tulimrudisha Nkome. Alishuka mwenyewe, akazunguka kombi mara moja, akachungulia ndani, palipobaki matundu ya bolti na mkeka.

"Mwambie mkwe wangu gali lake sasa ni zuli," akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye ua. "Halina kitu."

"Mwambie mama wabeja," ua ukashukuru.

Maganzo tulirudi na gunia la dagaa, zawadi ya wenye chanja, na harufu yake haijatoka mpaka leo. Madalali wananusa, wanauliza tulikwenda kununua nini. Kitanda hatukukidai, maana kina dagaa siku zote. Kijitabu bado tunacho. Juzi nilikifungua nikakuta sharti la nne, la kukaa mbali na watu, limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni Baba Shija ameandika kwa mwandiko wake wa kifundi: "Kwanza umuulize mama mkwe. Kupitia kwa mke."