Vitambaa Nilivyovichemsha

Wazazi wenzangu mnaopenda kusaidia bila kuombwa, someni hii kabla hamjaniiga.

Jumanne nimeona gari likizidi kuchafuka kadiri linavyosafishwa.

Na fundi ni binti yangu wa kumzaa.

Anasafisha magari bila maji. Anapuliza dawa, vumbi linalainika, anafuta kwa kitambaa laini. Anakikunja kinapata pande nane. Kila upande unafuta mara moja tu, anageuza, asije akakwaruza rangi.

Mimi nilimwambia, "Gari bila maji? Huko si kulipaka vumbi mafuta?"

"Mama, wewe tulia."

Nitulie? Mimi?

Meneja wa ofisi moja alitaka amjaribu kwa boneti ya gari lake. Akiridhika, magari yote ya pale ni ya binti yangu. Mwaka mzima kahangaikia nafasi hiyo.

Basi usiku wa kuamkia Jumanne usingizi ukanipaa. Nikachukua vitambaa vyake, nikavichemsha na dawa ya madoa, nikavianika. Vyeupee! Nikampangia kwenye mkoba kimyakimya.

Kulipokucha nikamfuata, eti namsaidia kubeba.

Akapuliza, akafuta. Boneti ikajaa michirizi kama mashavu ya mtoto aliyelia. Cha pili, vilevile. Vimekakamaa vyote.

Akanigeukia polepole. "Mama. Umevifanya nini?"

"Nimevichemsha kidogo tu."

"Kidogo?"

"Saa nzima."

Meneja akakohoa. "Binti, tuendelee au tuache?"

Mwanangu midomo ikaanza kumcheza. Jamani, nikaona sina pa kujificha.

Nikafungua pochi yangu, nikatoa kitambaa kimoja. Laini, kama kimetoka dukani leo.

Wiki nzima alikuwa anakitafuta. Wiki nzima nilimsingizia baba yake. Kumbe nafutia miwani.

Akakitazama, akanitazama. Akakikung'uta, akakikunja, akafuta taratibu, upande baada ya upande, mpaka meneja akajiona kwenye boneti na meno yake yote.

"Jumatatu uanze," akasema. "Ila huyu msaidizi wako abaki nyumbani."

Kwa hiyo wenzangu, kifaa cha kazi cha mtoto usikiguse mpaka umuulize, hata kama roho inakudunda kwa mapenzi.

Mimi sasa nafuta miwani kwa upindo wa gauni. Na baba yao anadai nimwombe radhi mbele ya watoto wote.

Bado najipanga.