Firigisi ya Mkwe

Mama yangu hajawahi kumshika mkono mume wa dada yangu. Kwetu, upande wa magharibi tulikotoka kabla ya kuhamia Ruiru, mama hamsalimii mkwe wake kwa mkono, hakai naye kiti kimoja, wala hamtazami usoni. Hiyo ndiyo heshima, na kadiri mkwe anavyopendwa ndivyo anavyowekwa mbali.

Shemeji ni raia wa Sudan. Alikuja Thika kutengeneza mashine katika kiwanda cha nguo, akakutana na dada yangu aliyekuwa muuguzi mjini humo. Wakaoana, wakapata msichana. Baadaye dada akapata kazi hospitalini Marekani, akatangulia ili mume na mtoto wamfuate. Karatasi zao zilikuwa karibu kukamilika serikali ya kule ilipotangaza kwamba raia wa Sudan, na wa nchi nyingine kadhaa, hawataingia tena. Mtoto, mwenye pasipoti ya Kenya, angeruhusiwa. Baba yake, hapana.

Kwa hiyo kila Jumapili shemeji alitoka Thika kuja kwetu Kimbo, hapo Ruiru, kumwona binti yake, aliyelelewa na Mama. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, Mama akiwa jikoni, na kati yao alipita mtoto. Mama akichinja kuku, firigisi, kipande cha heshima, ilikuwa ya mkwe.

"Mpelekee baba," alimwambia mtoto. "Mwambie asimpe paka."

"Mwambie nyanya paka wake ni mnene kuliko mimi," ilirudi sauti kutoka nje.

Mwaka jana dada alijiunga na watu waliokuwa wakiwashawishi wabunge wa kule wapitishe sheria mpya: kwamba serikali isimfungie mtu mlango kwa sababu ya dini yake au nchi yake, na anayekataliwa aambiwe kosa lake yeye mwenyewe. Niliipenda sheria hiyo jinsi ninavyopenda sentensi iliyonyooka. Hakuna aliyechagua pa kuzaliwa. Shemeji hakuwa na kosa. Alikuwa na kwao tu, na kwao kuna vita.

Dada akaniomba nipige video ya familia, waonyeshwe wabunge.

"Wewe ndiye wa hadithi," aliniambia kwa simu. "Wakae pamoja. Mama, baba mtoto, na mtoto katikati."

Jumapili hiyo, tukitoka kanisani, nilimbembeleza Mama akae na shemeji kwenye sofa kidogo tu.

"Sofa moja? Na mkwe wangu?" Mama alishika kiuno. "Hivyo vitabu unavyoandika vimekupeleka wapi, wewe?"

Shemeji alicheka kule nje. "Mwache Mama, ndugu yangu. Mimi nitasimama hata kwa mlango."

Ndivyo nilivyowapiga. Mama kwenye sofa, kitambaa chake cha kanisani kichwani, akitazama dirishani. Shemeji mlangoni, nusu ndani nusu nje, macho chini. Mtoto katikati akipunga mkono. Nilipomuuliza Mama kama angependa mkwe wake aende, alijibu kwa sauti ndogo, kama ipasavyo: "Ni mtu mzuri. Aende kwa mke wake." Mimi niliona mapenzi matupu. Nikazima simu. Kuku akapakuliwa, firigisi ikapita mlangoni kama kawaida, na hakuna aliyeirekodi.

Majuma kadhaa baadaye dada alipiga simu.

"Wenzangu wameiacha video yetu. Wanauliza kama Mama alilazimishwa kumkubali. Wanasema hata hamtazami."

"Si ungewaeleza?"

"Nimeeleza mpaka nimechoka. Wanasema mbunge hana muda wa kuelezwa. Anatazama tu."

Nilimwomba Mama turudie. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua kichwa. "Yaani nimvunjie heshima mkwe wangu, ndio watu wa mbali wamheshimu?"

Wabunge walionyeshwa familia nyingine, nasikia ilikumbatiana vizuri, na muswada wenyewe haukufika kwenye kura. Huenda video yetu isingebadilisha lolote. Lakini kinachoniuma ni kwamba hata mbele ya watu waliotutakia mema, mapenzi yetu yalihitaji kufanana na yao ndipo yaaminiwe. Bado naitaka sheria ile. Naitaka hasa kwa ajili ya watu wasiojua kukumbatiana mbele ya kamera.

Kisha karatasi za mtoto zikakaribia kuisha muda. Dada akaja likizo, akakaa na mumewe Thika, halafu akaondoka na msichana. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesema mtoto aende. "Mmoja wetu akipita," aliniambia, "si tumepita kidogo?"

Jumapili iliyofuata alikuja vilevile. Mimi sikumtarajia, ila Mama alikuwa amechinja kuku. Nilipoinuka nibebe sahani, alinizuia.

"Kaa."

Aliibeba mwenyewe hadi mlangoni, akaiweka kwenye stuli, firigisi juu ya ugali, akarudi jikoni haraka bila kutazama nje. Akasimama nyuma ya ukuta, akasema kwa sauti, kama anayeongea na sufuria zake:

"Na mtu asimpe paka."

Tukasikia kiti cha plastiki kikisogezwa, na sahani ikichukuliwa.