Vifuniko vya Mama Mwalimu

Wanaosema kwamba mjane wa inspekta, yule mwalimu wa watoto wadogo hapa mtaa wa Kasuku, amekuwa mlevi, wamekosea. Ni kweli kwamba kila asubuhi huinama nyuma ya baa, miwani puani, kitenge kimepigwa pasi, akiokota vifuniko vya bia. Huvichemsha, huponda makali yake kwa jiwe mpaka vidole vinakuwa vyeusi, kisha huvifunga kumi kumi ili watoto wajifunze kuhesabu. Mwenye baa humtania: "Mama Inspekta, jana mulikunywa ngapi?" Naye hujibu kwa sauti ya darasani: "Makumi mawili, na sikutosheka."

Walimu wenzake humwuliza kwa nini asitumie karanga, ambazo ni safi na hazinuki baa. Hapo huanza kuhesabu vifuniko vyake upya, yeye mwenye diploma mbili ukutani. Miaka ya vita, njia zilipofungwa na mji mzima ukalala njaa, alikuwa akihesabisha kwa karanga, na ole wake mtoto aliyethubutu kuonja hata moja. Asubuhi moja Adolphine, mtoto wa miaka mitano, akainua mkono: "Mama mwalimu, ya saba iko wapi?" Ya saba ilikuwa chini ya ulimi wa mwalimu mwenyewe. "Leo tunasoma kutoa," akasema, bila kufungua mdomo sana.

Basi, afadhali waseme mlevi. Kuhusu ya nane na ya tisa, sisi wa familia yake hatuna la kusema.