Amplifaya Iliyotolewa Uani Bagamoyo

Anayewajibika kwa haya nitakayoyasimulia ni Sefu, dalali wa Mapinga. Si familia iliyofiwa, wala si kikundi chetu cha muziki wa dansi, kilichonituma Bagamoyo kwa nia njema kabisa. Natanguliza hilo kwa sababu kwetu Magomeni yamekwisha kusemwa maneno yasiyokuwa.

Sababu ya safari ilikuwa amplifaya ya gitaa. Sisi wastaafu tunaopiga dansi tulikuwa tumeitafuta kwa miaka mingi aina ile ya zamani, yenye taa za kioo ndani, ambayo sauti yake ni nene kuliko ya mashine zote za sasa. Sefu alitutumia picha kwa simu, akasema mwenyewe amezeeka, hapigi tena, anauza. Nikapakia gitaa langu garini, nikaondoka Dar es Salaam asubuhi.

Mapinga nilimchukua Sefu kando ya barabara, penye vibao vya viwanja vinavyouzwa. Hadi tunaingia mjini alikuwa akiniusia jambo moja tu.

"Mzee wangu, tukifika niachie mimi maneno. Tunabeba, tunaondoka."

"Bila kuijaribu?"

"Nyie mliokaa ofisini, bwana! Hata chai mnataka igongwe muhuri."

Bagamoyo tulifika kabla ya adhuhuri. Nyumba ilikuwa Mji Mkongwe. Sefu hakubisha hodi mbele. Alinipitisha kichochoroni hadi uani, akafungua stoo kwa ufunguo wake mwenyewe. Nilipouliza mwenye nyumba yuko wapi, alijibu kwamba ametoka kidogo. Amplifaya ilikuwepo, imefunikwa kanga, kitambaa chake cha mbele kizima. Nilitaka kuiwasha. Akasema umeme wa pale unasumbua. Nikachomeka. Taa zikapata moto polepole hadi zikawa rangi ya chungwa, nami nikapiga. Wallahi, ile ndiyo sauti tuliyoichezea ujanani.

Sikumaliza. Sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya pazia la mlango wa ndani.

"Nani amewasha mashine ya marehemu?"

Nilizima papo hapo. Alikuwa Bi Mwanaidi, mjane. Alikuwa bado edani, kwa hiyo hakutoka. Tulizungumza pazia likiwa katikati. Nilimpa pole, nikamweleza kwamba nilikuja kununua, sikuja kuiba.

"Najua, kaka. Mwizi gani anapiga muziki kwanza?" Nikasikia wanawake wakicheka ndani. Kisha sauti yake ikabadilika. "Sefu! Mwenye mashine tumemzika Kaole, na udongo umetia kwa mkono wako. Leo unauza kwa idhini ya nani?"

"Bi mkubwa, marehemu mwenyewe alinituma nimtafutie mteja. Ufunguo kanipa yeye."

"Alikutuma akiwa hai. Sasa ni mali ya wanawe, na kitindamimba hajabaleghe. Ulimuuliza?"

Mirathi haikuwa imegawanywa. Kama ningeipakia garini, ningekuwa nimebeba mali ya yatima, na kikundi kizima kingepiga dansi kwa haramu hiyo. Sefu hawezi kudai kwamba hakujua. Ni mtoto wa pwani kama mimi.

Akaitwa Mzee Hamadi, kaka wa marehemu, msimamizi wa mirathi. Alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha kiganja. Sefu akaweka ufunguo.

"Na wewe, bwana wa gitaa," akaniambia, "rudi nyumbani. Tukishagawa, warithi wakitaka kuuza, wa kwanza ni wewe."

Njia ya kurudi niliendesha mikono mitupu, moyo mweupe, nikimshukuru Mungu kwa ukaidi wangu wa kutaka kujaribu kitu kabla ya kukichukua. Sefu sikumpa nafasi garini.

Eda ilipokwisha na mirathi kugawanywa, niliitwa. Safari hiyo niliingia kwa mlango wa mbele. Warithi wote waliridhia mbele yangu, nikalipa, na fungu la yule mdogo likakabidhiwa kwa ami yake amtunzie. Bi Mwanaidi alitoka mwenyewe ukumbini, akaniomba nipige ule wimbo niliokuwa nimeukatiza. Nikapiga hadi mwisho.

Nimejifunza kuuliza mwenye mali yuko wapi kabla ya kuuliza bei. Hata hivyo, kupata tulichokitaka hakumwondolei mtu wajibu wake. Namtaka Sefu afike katika nyumba ile, mbele ya Mzee Hamadi na warithi wote, aeleze kwa mamlaka gani aliendelea kufungua stoo baada ya mazishi, na kama kuna vitu vingine alivyovitoa humo kabla ya siku ile niliyowasha mashine.