Jumamosi za Kusukwa

Mwaka wangu wa pili chuoni nilipata sapu ya takwimu. Nikifeli na mtihani huo wa marudio, ningefukuzwa chuo na kurudi nyumbani Mbagala moja kwa moja.

Nilikuwa nasoma kwa kupaka rangi mistari ya daftari mpaka kurasa zikawa njano tupu. Jumamosi moja nikaenda nyumbani kusukwa. Mama alinikalisha mkekani, kichwa changu kati ya magoti yake, na daftari nikawa silioni tena.

"Basi nisimulie mie," akasema. "Niliishia la saba, lakini masikio ninayo."

Nikamweleza wastani, kisha mtawanyiko. Nilipofika mahali nisipopaelewa nikapandisha sauti na kupita haraka. Vidole vyake vikasimama.

"Hapo unanidanganya."

"Umejuaje, mama?"

"Shingo imekaza kama ya jogoo anayetaka kupigana. Rudia, mwanangu."

Nikainua daftari usoni, nikasoma tena palepale, nikamweleza upya mpaka shingo ikalegea na mkono wake ukaendelea. Tangu siku hiyo tulisoma hivyo kila Jumamosi. Hata msuko ukiwa bado mpya, aliufumua.

Majibu ya sapu yalipotoka niliyaona kwenye simu, nikiwa mlangoni kwetu. Nikaingia uani, nikamwamkia, nikakaa mahali pangu bila kusema kitu. Akaniwekea kiganja shingoni.

"Umefaulu," akasema, akachukua kitana. "Haya, leo tunasoma nini?"