Macho ya Dada na Yangu

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Makambako ilijaa kila kitu: redio, mitumba, hata miwani iliyokwisha kuvaliwa Ulaya, imepangwa chini juu ya turubai. Nilijaribu karibu miwani yote, na bado mwezi mmoja wa angani niliuona mitatu. Nilikuwa fundi cherehani. Nilitoka Uwemba kwa wazazi nikaja kuishi kwa dada yangu, aliyeolewa na msafirishaji mtaa wa Lyamkena, palepale Makambako. Kila nilipolalamika aliniambia ni vumbi la barabarani, ninawe tu. Nami nikanawa, nikayafikicha macho kama anayefua kola ya shati.

Nilipoanza kujidunga sindano vidoleni, nilimbana dada anisindikize kwa daktari wa macho aliyekuja Njombe. Daktari alisema kioo cha mbele cha jicho langu kimekuwa chembamba na kimechongoka. Nilidhani nimelaaniwa peke yangu. Akacheka, akasema wenye ugonjwa huo ni wengi kuliko tunavyodhani, na wengi wao hawafiki kwenye upasuaji. Wakiwahi, wakiacha kufikicha, miwani au lenzi ngumu za kuvaliwa ndani ya jicho huwatosha. Wanaobadilishiwa kioo cha jicho ni wale ambao kioo chao kimeshaweka kovu, au lenzi hazikai tena. Jicho langu la kushoto lilikuwa limeshafika huko. La kulia bado liliweza kuokolewa.

"Kwenu kuna mwingine mwenye shida hii?" aliuliza. Dada akawahi kujibu kwamba hakuna.

Wiki mbili baadaye, mume wake alipoondoka na lori asubuhi, nilimkuta dada uani ameinamia kibakuli, anaosha lenzi zake. Ndipo akasema yote. Daktari wa Dar es Salaam alimpima akiwa bado mchumba, akamkuta na ugonjwa uleule, akamwagiza awapeleke wadogo zake nao wapimwe. Mdogo wake ni mimi tu. Lakini kwetu, kabla ya ndoa, watu huchunguza ukoo: kifafa, ukoma, upofu. Aliogopa posa ingevunjika. Harusi ikapita, watoto watatu wakazaliwa, naye akaendelea kunyamaza huku ananitazama nikijifikicha. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimchukia, sifichi.

"Ningesema, mdogo wangu, ningeachika," aliniambia.

Mwaka uliofuata alikuja mshenga kwa ajili yangu. Alikuwa mzee mstaarabu. Alizunguka sana kabla ya kuuliza kama ule ukungu mweupe kwenye jicho langu ni wa ukoo. Dada aliweka birika chini.

"Hapana, baba. Kwetu ni huyu tu."

Nilisubiri aongeze neno. Mume wake alikuwa ameketi palepale, na sentensi yangu moja ingetosha kumrudisha dada Uwemba na mabegi yake. Nikachukua birika, nikamwongezea mshenga chai. Mshenga alilitazama tena jicho langu, akaaga chai haijapoa, na hakurudi tena.